Je, saa ya riali 3,600 ina thamani ya fedha zake?

Msomaji wetu ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikifanya kazi Maskati. Nimeweka akiba ya riali 3,600 mbali na fedha ninazotuma nyumbani, na moyo wangu uko kwenye Rolex Submariner mpya. Wenzangu wa kazini wananiambia kwamba saa ya namna hiyo ni akiba ya mkononi, kwamba haishuki bei, na kwamba nikishikwa na shida nitaiuza. Mke wangu anasema ni fedha za kutupa. Yuko pia mtu anayeniletea saa hiyo hiyo kwa riali 1,900, lakini haina karatasi. Naomba jibu la kweli: je, saa ya bei kubwa ina thamani ya fedha zake?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimekuwa nikifungua na kufunga saa za watu hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali lako nimeulizwa na mabaharia, na waalimu waliopokea kiinua mgongo, na vijana waliotaka saa ya siku ya harusi. Jibu langu, kabla sijaeleza sababu, ni kwamba saa uliyoitaja imetengenezwa vizuri kweli, na yeyote anayekuambia ni jina tupu hajapata kuifungua. Lakini sehemu kubwa ya bei yake hailipii utengenezaji huo, na ukiichukua kama akiba ni dhaifu kuliko wenzako wanavyodhani. Wenzako na mke wako hawabishani juu ya jambo moja. Wao wanasema habari ya kuiuza, yeye anasema habari ya kuinunua, na wewe unahitaji kujua habari ya kukaa nayo miaka ishirini.

Naanza na kazi ya kwanza ya saa, yaani kutupa majira, kwa kuwa hapo hesabu ni nyepesi. Rolex huahidi kwamba saa yake haitakimbia wala kuchelewa zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Ahadi hiyo ni kali kuliko kipimo cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima mashine za saa kwa muda wa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, ambayo inaruhusu kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku. Siku moja ina sekunde 86,400, na kwa mashine ya springi na magurudumu, isiyo na tone la umeme, kukosea sekunde 2 tu ni kazi ya kuvuliwa kofia. Hata hivyo Casio F-91W, ile saa nyepesi ya plastiki nyeusi iliyotoka mwaka 1989, ambayo huko Maskati haikufikishi riali 10, imewekewa na watengenezaji wake kosa lisilozidi sekunde 30 kwa mwezi, yaani kama sekunde 1 kwa siku. Citizen nao walitoa mwaka 2019 saa ya mkono inayokosea sekunde 1 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kama haja yako ni majira sahihi, suala limekwisha: saa ya betri inashinda, na simu iliyo mfukoni mwako, inayosahihishwa na mtandao, inashinda zaidi.

Ni vizuri kujua jambo hilo lilitokeaje, kwa sababu ndilo lililozaa bei unazoziona leo. Tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, kampuni ya Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuingia sokoni, kwa yeni 450,000, fedha ambazo wakati huo zingeweza kununua gari dogo. Kwatsi ni jiwe ambalo likipitishiwa umeme hutetema kwa kasi isiyobadilika. Katika saa za leo hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saketi ndogo huhesabu mitetemo hiyo na kutoa sekunde moja moja. Astron ilikuwa ghali, lakini katika miaka michache saa za kwatsi zilikuwa rahisi kiasi cha kuuzwa sokoni pamoja na vitana na vioo. Viwanda vya Uswisi, vilivyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970, vilibaki na kama theluthi moja yao katikati ya miaka ya 1980. Waliosalia walipata njia mbili. Moja ilikuwa kutengeneza saa rahisi ya plastiki yenye vipande vichache, nayo ni Swatch ya mwaka 1983. Nyingine ilikuwa kuacha kushindana kwa usahihi na kuuza kile ambacho kwatsi haikuwa nacho, yaani ufundi wa mkono, historia na heshima ya jina. Submariner unayoitamani iko kwenye njia hiyo ya pili, ingawa haikuzaliwa huko.

Ilizaliwa mwaka 1953 kama chombo cha kazi cha wapiga mbizi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 150. Ukizihesabu dola hizo kwa mfumuko wa bei wa Marekani hadi leo, unapata kama dola 1,700. Lakini bei ya Submariner mpya, ile isiyoonyesha tarehe kwenye uso wake, leo ni zaidi ya dola 9,000, na ndiyo riali zako 3,600, maana riali ya Oman imefungwa kwa dola 2.6 tangu mwaka 1986. Tofauti kati ya 1,700 na 9,000 ndiyo kiini cha swali lako, na ningependa tuichambue polepole.

Sehemu fulani ya tofauti hiyo ni halali kabisa. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya otomatiki, unakuta kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea, ambacho kazi yake ni kuitia saa ufunguo bila wewe kujua. Nguvu hiyo huhifadhiwa katika springi kuu, hupita katika safu ya magurudumu yenye meno, na kufika kwenye gurudumu la mizani, ambalo huyumba kwenda na kurudi likishikwa na springi nyembamba kama unywele. Kila linapoyumba, uma mdogo wenye kucha mbili za rubi huachia jino moja na kukamata jingine, na huko ndiko unakosikia mlio wa saa. Katika mashine ya Submariner jambo hili hutokea mara 8 kwa sekunde, mara 691,200 kwa siku, na zaidi ya mara milioni 250 kwa mwaka, kwa nguvu inayotoka katika utepe wa chuma uliokunjwa, na kwa mafuta ambayo yote pamoja hayajazi ncha ya sindano. Mimi nimeiona kazi hii maelfu ya mara na bado nikiwasha taa juu ya meza nikaona mizani inaanza kuyumba baada ya kuisafisha, nafurahi kama nilivyofurahi nilipokuwa mwanafunzi.

Watu huniuliza saa ina vito vingapi, wakidhani vito ndivyo vinavyopandisha bei. Sivyo. Rubi za ndani ya saa ni za kutengenezwa kiwandani, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na bei yake ni ndogo sana. Zimewekwa pale kwa sababu chuma kikizungukia ndani ya rubi hakiliki haraka. Kinacholipiwa kwa haki ni mambo mengine: chuma cha pua kinachostahimili chumvi ya bahari, kioo cha yakuti kisichochunika kirahisi, springi-unywele isiyobabaishwa na sumaku za simu na spika, mashine inayokaa na nguvu saa 70 ukiivua Ijumaa jioni, na bila shaka mtu aliyeketi kuirekebisha mpaka ikatii zile sekunde 2. Saa hii huzuia maji hadi mita 300, wakati saa nyingi zilizoandikwa mita 30 hazifai hata kuogelea, kwani namba hiyo ni ya kipimo cha kiwandani na maana yake halisi ni kwamba zitavumilia matone ya mvua na ya kunawia.

Lakini ubora haupandi sambamba na bei, na hapa ninasema kwa yale ambayo vidole vyangu vimeyagusa. Kutoka saa ya riali 5 hadi Seiko 5 ya otomatiki, ambayo kwa kawaida haizidi riali 150, unaruka kutoka kitu cha kutupwa hadi kitu kinachotengenezeka. Seiko yenyewe inaruhusu mashine yake ya 4R36 kukimbia hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi 35 kwa siku, ingawa nyingi nilizozipima hufanya vizuri zaidi ya hapo. Ukipanda tena hadi karibu riali 300, unapata saa ya Uswisi kama Tissot yenye mashine ya Powermatic 80, inayokaa na nguvu kwa saa 80, yenye kioo cha yakuti na umaliziaji safi. Hatua hiyo nayo unaiona kwa macho na kuisikia mkononi. Kutoka hapo hadi riali 1,000 au 1,500 bado kuna maendeleo, hasa katika usahihi na ugumu wa kasha. Baada ya hapo kila riali inanunua ubora mdogo kuliko iliyotangulia. Zipo saa za juu zaidi, za makumi ya maelfu ya dola, ambazo kingo za vipande vyake vya ndani vimesuguliwa kwa mkono mahali ambapo mwenye saa hatapaona kamwe. Naziheshimu, lakini si za mjadala wetu.

Submariner, basi, ni bora kuliko Tissot ya riali 300. Ukiniuliza ni bora mara kumi na mbili, kama bei inavyosema, jibu langu ni hapana, na fundi yeyote mwaminifu atakwambia vivyo hivyo. Kinachobaki ni jina na uadimu. Hans Wilsdorf, aliyeanzisha kampuni hiyo London mwaka 1905, alijua tangu mwanzo kwamba saa inauzwa kwa habari zake. Mwaka 1927 mwanamke wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, alipoingia kuogelea katika maji baridi ya mlango bahari wa Uingereza na Ufaransa, alibeba Oyster, saa ya Rolex isiyoingiza maji, na Wilsdorf alinunua ukurasa wa mbele wa gazeti kuutangazia ulimwengu kwamba saa ilitoka majini ikiwa nzima. Tangazo la namna hiyo hugharimu fedha, na anayelilipia ni mnunuzi wa mwisho.

Huko uliko una mfano ulio karibu zaidi. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi kufariki kwake mwaka 2020, alikuwa na desturi ya kutoa zawadi ya saa zilizochorwa jambia la Oman, khanjar, kwenye uso wake, na nyingi ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London. Mashine iliyo ndani ya saa hizo haina tofauti na ya saa nyingine za aina yake na mwaka wake. Mchoro huo mdogo, na habari ya nani alimpa nani, ndivyo vinavyowafanya wakusanyaji wagombanie saa hizo kwenye minada ya Geneva kwa bei ya juu mno kuliko dada zake zisizo na jambia. Sisemi kwamba thamani ya namna hiyo ni ya uongo. Nasema imesimama juu ya makubaliano ya watu, na makubaliano ya watu hubadilika.

Hapo ndipo ninapokuja kwa wenzako na akiba yao ya mkononi. Wanachosema kina ukweli kidogo, na ndiyo sababu ni hatari. Ni kweli kwamba Submariner ni miongoni mwa saa chache ambazo ukiitunza vizuri, pamoja na kisanduku na karatasi zake, unaweza kuiuza baada ya miaka kadhaa kwa fedha zinazokaribia ulizotoa au hata kuzizidi. Saa nyingi mno za bei kubwa hazina bahati hiyo. Hupoteza sehemu nzuri ya bei yake siku unayotoka nazo dukani, na nimeona wenye saa za dhahabu za majina makubwa wakiduwaa walipoelezwa watapata nini. Habari zinazosambaa ni za washindi tu. Mwezi Oktoba 2017 Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 17.75, na mwezi Novemba 2019 saa moja ya Patek Philippe, kampuni nyingine ya Uswisi, iliuzwa Geneva kwa faranga za Uswisi milioni 31. Hakuna anayetangaza maelfu ya saa zilizouzwa siku hizo hizo kwa hasara.

Tazama pia yaliyotokea karibuni. Wakati wa janga la Uviko, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani na fedha za mkopo zikiwa rahisi katika nchi tajiri, bei za saa za mitumba zilipaa. Patek Philippe Nautilus 5711 ya chuma, ambayo bei yake ya dukani ilikuwa karibu dola 35,000, iliuzwa mkononi kwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Mapema mwaka 2022 soko lilifika kileleni na kuanza kuporomoka, na walionunua kileleni wakiamini kwamba saa haishuki bei walibaki na saa nzuri na deni baya. Rolex nazo zilishuka, ingawa si kwa kiwango kile.

Sasa tufanye hesabu yako mwenyewe. Kutoka dola 150 za mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 9,000 za leo, bei ya Submariner mpya imepanda kwa wastani wa kama asilimia 6 kwa mwaka. Inaonekana si haba, lakini hiyo ni bei ya muuzaji wa saa mpya, si bei utakayopewa wewe unayeuza iliyovaliwa. Tuseme riali 3,600 ungeziweka mahali panapokupa asilimia 8 kwa mwaka, na faida usiiguse. Baada ya miaka kumi zingekuwa karibu riali 7,770. Ili saa ikulipe sawasawa na hapo, ingebidi mtu aje akupe zaidi ya mara mbili ya ulichotoa, juu yake urudishiwe gharama ya matunzo na kamisheni ya dalali. Kuna hoja moja ambayo huenda wenzako wakaiongeza, nayo ina uzito: kwamba saa hukulinda dhidi ya kushuka kwa shilingi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kwa mtu anayelipwa shilingi. Akiba yako wewe tayari iko katika riali iliyofungwa kwa dola, kwa hiyo kinga hiyo unayo, tena bila kuivaa mkononi.

Na kuuza kwenye shida si kama wanavyodhani. Mtu mwenye shida huuza haraka, na anayeuza haraka hupewa bei ya haraka. Maskati au Dubai utapata wanunuzi wengi, lakini shida ikikukuta Tanga utamwuzia nani? Utalazimika kuipeleka Dar es Salaam au Nairobi, uoneshe karatasi, ungoje, na uende na saa yenye thamani ya gari mfukoni.

Gharama za kukaa nayo ndizo ambazo wauzaji hawazitaji sana. Mafuta ya saa hukauka na mipira ya kuzuia maji hukakamaa, hata kama saa imelala kabatini. Rolex hushauri huduma kamili kama kila baada ya miaka 10, na huduma hiyo katika kituo rasmi inaweza kukaribia dola 1,000, yaani riali mia tatu na themanini hivi. Ukivaa kila siku katika joto na jasho la pwani yetu, mimi ningekagua mipira mapema zaidi, maana maji ya chumvi yakishaingia ndani hayana huruma. Nimepokea saa ya thamani ambayo mwenyewe aliogelea nayo bila kukaza kile kifungo cha ubavuni, na katika muda wa wiki mbili springi-unywele ilikuwa kutu tupu. Kama unarudi nyumbani kuishi, ulizia kwanza ni wapi utaihudumia. Fundi wa mtaani anaweza kuisafisha vizuri, lakini vipuri halisi vya kampuni hiyo havipatikani kwa kila mtu, na ukitiwa kipuri kisicho chake, thamani ya kuiuza inashuka.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba saa ni akiba ya benki, na hiyo si haki kwako, kwa sababu umeandika kwamba moyo wako uko hapo. Furaha nayo ni thamani. Yuko mzee mmoja, mteja wangu, aliyefanya kazi melini miaka mingi. Saa yake ya Uswisi aliinunua kwa mshahara wa miezi mitano, na kila anapokuja kuisafisha hukaa pembeni yangu kuangalia mizani ikiyumba, wala hajawahi kuniuliza anaweza kuiuza kwa kiasi gani. Kwa mtu kama huyo nisingesema kamwe kwamba alitupa fedha. Alijua ananunua nini, alikuwa amemaliza ya lazima, na hakuhitaji ile saa imrudishie kitu. Barua yako ina harufu tofauti. Umetaja akiba, umetaja shida, umetaja wenzako, na ukiiondoa ile sentensi moja ya moyo, hukuniambia unapenda nini katika saa yenyewe. Mtu anayejipa sababu ya biashara kwa jambo la moyo mara nyingi anajua kwamba moyo peke yake hautoshi kumridhisha mke wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama riali 3,600 ndiyo akiba yako yote nje ya fedha za nyumbani, usiinunue sasa. Chukua riali 130 hadi 300, ununue saa ya otomatiki ya kweli kutoka kwa muuzaji anayekupa dhamana, uivae mwaka mzima. Mimi mwenyewe huvaa Seiko 5 ya zamani yenye mashine ya 7009, na sijawahi kuchelewa swala wala mteja kwa sababu yake. Tazama kama utaipenda kazi ya kuitia majira, kama utaisikiliza usiku, kama utataka kujua kilicho ndani. (Ukipata yenye pete ya nje inayozunguka na iliyoandikwa tarakimu 1 hadi 12, izungushe nusu duara: akrabu fupi itasoma saa zetu za Kiswahili kwenye pete na saa za kizungu kwenye uso, jambo linalowafaa watu wanaoishi kati ya Maskati na Tanga.) Baada ya mwaka, kama hamu imebaki na akiba imeongezeka kiasi kwamba bei ya Submariner haizidi robo yake, zungumza na mke wako upya, ukimwambia wazi kwamba ni furaha unayoinunua. Naamini atakusikiliza vizuri zaidi kuliko ulivyomwambia ni akiba.

Limebaki suala la yule wa riali 1,900, na hapa sitakuzungusha. Saa inayouzika popote kwa riali 3,000 haiuzwi kwa 1,900 na mtu mwenye haki nayo, isipokuwa kama ni ya bandia, au imeibwa, au imechanganywa vipande. Zamani feki ilijulikana kwa uzito na kwa mshale wa sekunde unaorukaruka. Siku hizi ziko za bandia zenye chuma kizuri, kioo cha yakuti na mashine ya otomatiki inayopiga mara 8 kwa sekunde kama ya asili, na kwa nje hata mimi hunibidi nitazame mara mbili. Miaka kadhaa iliyopita aliniletea mstaafu mmoja saa aliyoinunua kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, akitaka nimkazie cheni tu. Nilipofungua kifuniko nilikuta mashine ya kuigiza, na nikakaa kimya muda mrefu kabla ya kumwambia. Sitaki kukaa kimya hivyo kwa ajili yako.

Kama ni lazima ununue mtumba, nenda kwa muuzaji rasmi anayeuza saa zilizothibitishwa na kampuni yenyewe, ambao ni mpango ulioanzishwa na Rolex mwishoni mwa mwaka 2022 na unaotoa dhamana ya miaka miwili, hata kama utalipa zaidi. Na kwa huyo wa riali 1,900, mwambie jambo moja tu: kabla hujatoa hata baisa, mwende pamoja mchana kwenye kituo rasmi cha huduma hapo Maskati, ifunguliwe mbele yenu wote wawili, namba ya kwenye kasha ikaguliwe, na gharama ya ukaguzi utalipa wewe. Mwenye saa halali hana cha kupoteza katika safari hiyo. Akikuambia hana nafasi leo, au kwamba kuifungua kutaiharibu, au kwamba yuko mnunuzi mwingine anayemsubiri, mshukuru na urudi zako na riali zako zote.